UZI: Horace Silver (1928–2014), mpiga piano wa hard bop aliyewaandikia watu watano muziki ukasikika kama wa bendi kubwa

Nota Nyeusi

Wakuu salaam. Jazi ikitajwa jukwaani, nyuzi nyingi huishia kwa Miles Davis na John Coltrane, na mpiga piano akikumbukwa basi ni Monk. Uzi huu ni wa Horace Silver. Mwenye nyama aongezee, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Jina kamili ni Horace Ward Martin Tavares Silver, mzaliwa wa Norwalk, Connecticut, 2 Septemba 1928. Baba yake, John Tavares Silva, alihamia Marekani kutoka kisiwa cha Maio, Cape Verde, enzi visiwa vile vikiwa bado chini ya Wareno. Silva ikawa Silver hukohuko ugenini. Nyumbani baba na ndugu zake walipiga nyimbo za kwao kwa fidla, gitaa na mandolini, na mtoto akakua akisikiliza. Shuleni Horace alipuliza saksafoni ya tena akimfuata Lester Young. Kwenye piano walimu wake wa santuri walikuwa Bud Powell na Thelonious Monk.

Mwaka 1950 Stan Getz alipita Hartford, akasindikizwa na Silver na wenzake wawili, akawapenda, akawachukua wote watatu. Mwaka uliofuata Silver akahamia New York. Oktoba 1952 lebo ya Blue Note ilikuwa imepanga kumrekodi Lou Donaldson. Donaldson akakwama, na Alfred Lion, mwenye lebo, akampa Silver nafasi arekodi na besi na dramu tu. Humo ndimo kilimotoka kipande chake kinachoitwa "Safari". Tangu hapo hakubanduka Blue Note mpaka mwisho wa miaka ya 1970.

Mtindo wenyewe, hard bop, kwa kifupi: bibopu, jazi ya akina Charlie Parker iliyotangulia, ilikuwa na kasi na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nyingi, miguu ikashindwa kuifuata. Kina Silver walizibakiza kodi zilezile ngumu, ila wakarudisha bluzi, mapigo ya kanisani na melodi ambayo mtu anaweza kuondoka nayo akiipigia mluzi. Ukitaka kusikia mlango ukifunguka, chukua rekodi za klabu ya Birdland za Februari 1954 akiwa na Art Blakey kwenye dramu na Clifford Brown kwenye tarumbeta, halafu vikao vya Novemba 1954 na Februari 1955 vya kundi lake la Jazz Messengers vilivyotoa "Doodlin'" na "The Preacher".

Hoja yangu: watu wanamsifu Silver kwa mkono "wenye funk" wakati ukubwa wake uko kwenye uandishi. Karibuni.

Kitongoji

Mkuu asante kwa uzi. Swali dogo: Jazz Messengers si bendi ya Art Blakey? Mbona hapo juu ni kama mali ya Silver?

Nota Nyeusi

Kitongoji, ile ya mwanzo ilikuwa ya ushirika. Blakey alikwisha kulitumia jina la Messengers siku za nyuma, lakini kundi la 1954–55 lilikuwa la Silver, Blakey, Kenny Dorham kwenye tarumbeta, Hank Mobley kwenye saksafoni ya tena na Doug Watkins kwenye besi. Angalia jalada la Blue Note namba 1518: limeandikwa Horace Silver and the Jazz Messengers. Mwaka 1956 Silver akaondoka, jina likabaki kwa Blakey, naye akalibeba hadi kufa kwake mwaka 1990.

Kuhusu "The Preacher", Lion hakuitaka kabisa. Aliiona ya kizamani mno, ya New Orleans ya mababu. Silver akagoma kuiondoa, ikarekodiwa, ikawa ndiyo iliyouza. Ni pau (vipimo vya mapigo) 16 tu, kodi zake zimejengwa juu ya wimbo wa walevi wanaoomba kuonyeshwa njia ya nyumbani.

Pingamizi la Awali

Niwe mkweli wakuu, Silver namwona mwepesi. Solo zake ni rifu tupu (vifungu vifupi vya kurudiarudia), anarudia kipande kimoja mara nne, halafu ananukuu vipande vya nyimbo za watu. Mkisema Bud Powell nitawaelewa. Sonny Clark nitawaelewa. Huyu ni mburudishaji.

Binti Mandolini

Pingamizi, ngoja tukusaidie kusikiliza. Solo zake kweli ni za rifu, na alikusudia. Powell anajaza kila nafasi. Silver anatoa sentensi fupi, anaiacha ipumue, mkono wa kushoto unaigonga kwa chini kama mtu anayeitikia "ndiyo", halafu anaitoa tena ikiwa imegeuzwa noti moja. Hii ni desturi ya mhubiri na waumini, na ndiyo sababu msikilizaji asiyejua jazi hapotei.

Lakini ukitaka kumpima kwa haki, hesabu pau za nyimbo zake. Wenzake wengi wa enzi ile walikuwa wakiingia studio na bluzi ya pau 12 au umbo la pau 32, melodi mwanzo, solo katikati, melodi mwisho, kazi imekwisha. Silver:

"Peace" (1959) ina pau 10. Siyo 8, siyo 12. Sikiliza uone kama umeona mshono.

"Nica's Dream" ina pau 64, kila sehemu ya A (melodi kuu) ikiwa na 16. A inakwenda kwa mdundo wa Kilatini, daraja (B, sehemu ya kati) linageuka swingi, mwendo wa jazi wa kuyumba. Kodi ya kwanza ni B flati maina yenye saba kubwa, inashuka hatua nzima kwenda A flati maina yenye saba kubwa. Mwaka 1956, kodi hiyo kuwa ndiyo nyumbani kwa wimbo haikuwa kawaida.

"Señor Blues" (Novemba 1956) ni bluzi ya pau 12 lakini ya maina, katika E flati, na mapigo yake yanakwenda kwa sita. Kwenye dramu alikuwa Louis Hayes, kijana wa miaka 19.

Halafu kuna kinachokuja baada ya solo. Kwenye "Sister Sadie" (1959), watu wakishamaliza solo, tarumbeta ya Blue Mitchell na tena ya Junior Cook hawarudi moja kwa moja kwenye melodi. Wanapiga vifungu vipya vilivyoandikwa, piano inauliza, mapulizo yanajibu, joto linapanda, ndipo melodi inarudi. Hiyo ni mbinu ya bendi kubwa za miaka ya 1930 na 1940. Silver tangu utotoni aliihusudu bendi ya Jimmie Lunceford. Akaichukua mbinu ya watu 15 na kuikata itoshe mapulizo mawili. Tarumbeta na tena wakiandikiwa karibukaribu kwenye sauti ya katikati wanatoa unene mpaka hata trombone huihitaji.

Na kitu cha tatu ni kile anachofanya wakati mwenzake anapiga solo. Haweki kodi za kujaza tu. Anaandika rifu ya nyuma, kila raundi ya solo ina msukumo wake. Wapo waliosema anawabana wapiga solo. Ni kweli anabana, na ndiyo maana solo za bendi yake ni fupi na zina mwanzo na mwisho.

Pingamizi la Awali

Dada, hapo kwenye pau 10 nimeirudia "Peace" mara kadhaa. Sawa, mshono siuoni. Ila hoja ya kubana inabaki. Joe Henderson, mpiga saksafoni ya tena, alipokuwa kwa Silver na Joe Henderson kwenye albamu zake mwenyewe ni watu wawili.

Binti Mandolini

Tofauti ipo, sikatai. Lakini solo yake kwenye "Song for My Father" ndiyo inayofundishwa mpaka leo, na inafundishika kwa sababu ya kile kibano. Anaanza chini, taratibu, na rifu ya piano inamsukuma ghorofa baada ya ghorofa.

Kinanda cha Parokia

Wakuu, tuache nadharia kidogo. Mtu ana kinanda cha vibonyezo 61, kuna besi na dramu, anataka kuipiga hiyo "Song for My Father". Aanzie wapi? Chati za mtandaoni zinapingana.

Mkono wa Kushoto

Mkuu, hii ni nzuri kuanzia kwa sababu kodi ni nne tu, lakini ina mitego mitatu. Ngoja niiweke yote. Alama b ni flati.

Wimbo uko F maina, pau 24, kila pau mapigo 4. Umbo ni A pau 8, A pau 8, B pau 8. Kasi weka kati ya 120 na 130.

A: Fm9 pau 2, Eb9 pau 2, Db9 pau 1, C9sus pau 1, Fm9 pau 2.

B: Eb9 pau 2, Fm9 pau 2, kisha pau 1 inagawanywa nusu Eb9 nusu Db9, C9 pau 1, halafu Fm pau 2, na hapo bendi yote inanyamaza.

Mkono wa kulia usirukeruke. Panga hivi, kutoka chini kwenda juu:

Fm9: Ab, C, Eb, G
Eb9: G, Bb, Db, F
Db9: F, Ab, Cb, Eb (Cb ni kibonyezo cha B)
C9sus: F, Bb, D

Utaona vidole vinashuka ngazi kwa ngazi bila kubadili umbo, mpaka kwenye sus ambapo F inabaki palepale na nyingine zinasogea kidogo. Chini, mkono wa kushoto unashika mzizi na tano ya kila kodi: F na C, Eb na Bb, Db na Ab, C na G. Noti ndefu ya pigo moja na nusu, kisha noti fupi ya nusu pigo. Mpiga besi anapiga hichohicho. Kwenye rekodi piano na besi vimeungana hapo, na huo muungano ndio wimbo wenyewe. Bendi ya roki ya Steely Dan iliukopa mwaka 1974 kufungulia "Rikki Don't Lose That Number".

Mtego wa kwanza ni hesabu. Waliozoea umbo la pau 32 huongeza A ya tatu baada ya B. Hapa hakuna. Baada ya B unarudi mwanzo, A mbili, B moja, na kwenye solo hivyohivyo. Bendi ikivunjika, kwa kawaida imevunjikia hapo, mmoja yuko A ya kwanza na mwingine anadhani ni ya mwisho.

Mtego wa pili ni skeli. Mtu anaambiwa "F maina, piga skeli ya bluzi ya F mwanzo mwisho". Itakubali kwenye Fm9 tu. Ukifika Eb9 ukakalia Ab, inagongana na G iliyo ndani ya kodi. Kalia G. Kwenye Db9 ukipiga C safi unaiharibu saba yake, ambayo ni Cb. Kwenye C9sus kaa kwenye F, halafu ukitaka kumalizia kwa nguvu ishushe iwe E kabla ya kurudi Fm. Mazoezi: piga solo ya noti moja tu kwa kila kodi, raundi nzima, G kwenye Fm9, G kwenye Eb9, Cb kwenye Db9, F kwenye C9sus. Ikishaingia sikioni, ndipo uongeze bluzi.

Mtego wa tatu ni uchafu wa chini. Silver alipenda kugonga mkono wa kushoto chini kabisa, noti zilizosongamana, kavu, kama anapiga ngoma. Kwenye kinanda cha umeme chenye spika ndogo, na besi ikiwa imeunganishwa, inakuwa ngurumo tupu. Acha pedali. Gonga fupi, uondoe mkono mara moja, na gonga pale mkono wa kulia ulipopumzika, si wakati unapiga. Ikibaki na uchafu, pandisha oktavu moja, bora noti zisikike.

Kinanda cha Parokia

Barikiwa mkuu. Mapulizo nao? Kuna kijana wa tarumbeta na mwingine wa saksafoni ya alto.

Mkono wa Kushoto

Tarumbeta asome G maina, alto asome D maina. Ukipata mpiga saksafoni ya tena, naye ni G maina kama tarumbeta. Wasiongeze mitetemo wala mapambo kwenye melodi. Watoke pamoja na wakate pamoja, mwisho wa noti ni muhimu kuliko mwanzo wake. Kwenye rekodi tarumbeta ya Carmell Jones haina solo kabisa: piano inaanza, inafuata tena ya Henderson, basi. Msihisi kila mtu lazima apewe zamu.

Sahani na Sneya

Naongezea upande wa dramu, maana hapa ndipo bendi nyingi huua huu wimbo. Roger Humphries hapigi swingi. Nusu-mapigo ni sawa kwa sawa, mwendo wa bossa, mdundo wa Brazil. Silver alikuwa ametoka Brazil mwanzoni mwa 1964, mwanamuziki wa huko Sérgio Mendes akiwa mwenyeji wake, akarudi na mdundo huo kichwani, lakini melodi akaielekeza kwa baba yake na Cape Verde. Ndiyo maana si bossa ya hotelini, ina uzito. Mpiga dramu akizoea jazi ya swingi atateleza kwenye B bila kujua. Ashikilie. Na ile kimya ya pau 2 za mwisho, asiijaze. Kila mpiga dramu anataka kuijaza.

Kwa anayetaka kusikia tofauti, albamu hiyohiyo ina vikao viwili: sehemu ilirekodiwa Oktoba 1963 na kikosi cha zamani cha Mitchell na Cook, na wimbo wenye jina la albamu ulirekodiwa 26 Oktoba 1964 na kikosi kipya. Mzee aliye kwenye jalada, mwenye kofia na sigara, ndiye baba mwenyewe.

Santuri Kuukuu

Kwa wanaowinda santuri zenyewe, hasa ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani ambako bado zinaonekana kwenye maduka ya mitumba: jina la albamu pekee halitoshi. "Song for My Father" ni BLP 4185 kwa mono, BST 84185 kwa sterio. Geuza santuri kwenye mwanga, tazama eneo tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo ya karatasi. Tafuta muhuri wa VAN GELDER, jina la fundi aliyerekodi na kukata. Halafu tafuta alama ndogo kama sikio, ambayo kwa kweli ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite. Kiwanda hicho kiliacha kuchapa santuri za Blue Note mwaka 1966, lebo ilipouzwa kwa Liberty. Sikio likikosekana kwenye namba 4185, mkononi una toleo la baadaye. Si baya kwa kusikiliza, ila bei isiwe ya la kwanza.

Halafu msilalamikie sana sauti ya piano. Rudy Van Gelder alirekodi piano ikasikika imebanwa, kama iko ndani ya sanduku. Hadi katikati ya 1959 alikuwa akirekodi sebuleni kwa wazazi wake, Hackensack, New Jersey, kisha akahamia studio yake Englewood Cliffs. Sauti hiyo inamwonea mpiga piano laini kama Bill Evans. Silver inamfaa, kwa sababu anapiga piano kama ngoma.

Kitongoji

Hela je? Maana wanamuziki wengi wa enzi zile walikufa fukara huku nyimbo zao zikipigwa dunia nzima.

Nota Nyeusi

Hapa ndipo Silver alipowazidi wengi akili. Aliandika nyimbo zake mwenyewe karibu zote, na haki za uchapishaji akaziweka kwenye kampuni yake, Ecaroh Music, ambayo ni Horace ukiisoma kinyume. Desturi ya wakati ule lebo ilikuwa ikichukua haki hizo juujuu. Santuri ikiuzwa, mwimbaji au mpigaji hulipwa kwa hesabu ya lebo. Wimbo ukirudiwa na mtu mwingine, anayelipwa ni mwenye wimbo. Sasa hesabu ni watu wangapi wamerudia "Song for My Father", "Nica's Dream", "Peace" na "Doodlin'". Nyingi akaziandikia na maneno, hivyo waimbaji nao wakaingia. Dee Dee Bridgewater alitoa albamu nzima ya nyimbo zake mwaka 1995.

Na Blue Note, pamoja na yote, ililipa wanamuziki kwa siku za mazoezi kabla ya kurekodi. Lebo nyingi hazikufanya hivyo. Bila mazoezi ya kulipwa, vile vifungu vya "Sister Sadie" visingewezekana, maana huwezi kuvipiga kwa kuonana studio asubuhi.

Pingamizi la Awali

Mmenishika pabaya kwenye miaka ya 1950 na 1960. Tuje kwenye miaka ya 1970 sasa. Ile trilojia (albamu tatu) ya The United States of Mind, piano ya umeme, nyimbo za kuhubiri lishe na afya ya roho. Nani anaitetea?

Binti Mandolini

Mimi nitaitetea nusu. Maneno ya nyimbo ni mazito kwa masikio, hilo sibishi, na piano ya umeme ya RMI haina ule mgongo wa chini niliousifu juu. Lakini sauti ya mwimbaji Andy Bey pale ni ya kwenda kuifuata makusudi. Na anayetaka kusikia Silver akiandikia watu wengi kweli, aende kwenye Silver 'n Brass ya 1975. Utasikia kwamba bendi kubwa ilikuwa kichwani mwake siku zote.

Nusu nyingine sitetei.

Santuri Kuukuu

Anayeanza, mpangilio wangu ni huu: Blowin' the Blues Away (1959), kisha Song for My Father, kisha The Cape Verdean Blues ya Oktoba 1965, yenye Woody Shaw kwenye tarumbeta na J.J. Johnson akiongeza trombone upande wa pili. Baada ya hapo rudi nyuma kwenye namba 1518. Za miaka ya 1980 kwenye lebo yake ya Silveto ziache mpaka umempenda kweli. The Hardbop Grandpop ya 1996 inasikilizika vizuri kwa mzee wa karibu miaka 70.

Kinanda cha Parokia

Swali la mwisho. Mwisho wa "Song for My Father" wanamalizaje? Kila bendi ina wake.

Mkono wa Kushoto

Kwenye rekodi hakuna kituo cha ghafla, wanabaki kwenye mzunguko wa F maina. Jukwaani chagueni njia moja kabla hamjapanda: ama mpunguze sauti taratibu juu ya Fm mpaka besi ibaki peke yake, ama mrudie pau 4 za mwisho za B mara tatu na mkate pamoja kwenye pigo la kwanza. Atakayetoa ishara awe mpiga piano, kwa kichwa, mwanzoni mwa pau inayotangulia. Mpiga dramu asiachiwe kazi hiyo.

Sahani na Sneya

Hapo mwisho umetuonea, lakini sawa.